GOTI LA MKIMBIAJI LINAUMA KWA NINI?

Leo tuzungumze juu ya magoti.

Siku hizi vijijini kwetu watu wengi wanakimbia. Zamani tulizoea kuwaona watoto wa shule tu, wakijiandaa kwa michezo ya UMITASHUMTA. Sasa hata watu wazima wamo. Ukienda kisimani alfajiri unapishana na kijana anakimbia barabarani, jasho linamtoka. Wengine wanatafuta afya. Wengine wanatafuta zawadi za mashindano ya mjini. Na tangu Alphonce Simbu alipokuwa bingwa wa dunia wa marathoni kule Tokyo, Septemba 2025, kila kijana mwenye mbavu nzuri anajiona naye anaweza.

Hilo ni jambo jema. Lakini pamoja na mbio yamekuja malalamiko. Goti linauma. Na goti likiuma haliumi kwenye mbio peke yake. Goti hilo hilo ndilo la kulimia, la kupandia baiskeli, la kubebea debe la maji.

Hatuzungumzi juu ya goti lililoumia kwa kuanguka. Wazee wanamkumbuka John Stephen Akhwari wa Mbulu. Mwaka 1968 alikimbia marathoni ya Olimpiki kule Meksiko. Alianguka njiani akaumia goti, likafungwa bandeji, akaendelea hivyo hivyo mpaka akamaliza wa mwisho, zaidi ya saa moja nyuma ya mshindi. Yake ilikuwa ajali. Sisi tunasema juu ya goti linaloanza kuuma polepole, bila kuanguka, bila kugongwa. Mtu analala mzima, anaamka mzima, akikimbia linauma.

KIJANA ALIYEUZA MBUZI

Tuna kijana mmoja tunayemfahamu. Jina lake hatulitaji, mwenyewe hakupenda. Ni mkulima wa pamba, ana miaka 26. Tangu utoto amechunga ng'ombe, na mbio zake zote alikimbia pekupeku au kwa makatambuga. Alizoea kukimbia mara 3 kwa wiki, kilomita 4 kila mara. Jumla ni kilomita 12 kwa wiki. Magoti hayakumsumbua hata siku moja.

Kisha akasikia habari za mashindano ya kilomita 21 kule Moshi. Akauza mbuzi wawili apate kiingilio na nauli. Kaka yake aliyeko mjini akamletea raba za mtumba, nzuri kabisa, zenye soli nene ya sponji na kisigino kilichoinuka. Zilikuwa zimebaki wiki 6. Kijana akaona muda ni mfupi. Basi akaanza kukimbia siku 6 kwa wiki, kilomita 6 kila siku. Tena akachagua njia ya mlimani. Anapanda mbio, anashuka mbio, eti apate pumzi.

Wiki ya tatu goti la kulia likaanza kuuma, upande wa mbele. Akishuka mteremko linauma. Akichuchumaa linauma. Akikaa muda mrefu kwenye mkutano wa kijiji, akitaka kusimama linauma.

Hapo kila mtu akawa mganga. Mama yake mdogo alisema mafuta ya goti yamekwisha. Jirani alisema kuna mtu mwenye wivu amemtupia kitu. Rafiki yake akasema: "Ni hizo raba. Zitupe, ukimbie kama ulivyozaliwa." Kijana akamsikiliza rafiki. Kesho yake akakimbia pekupeku, kilomita zile zile 6, mlima ule ule. Goti likapata nafuu. Akafurahi sana. Lakini hazikupita siku kumi, akaamka asubuhi hawezi kukanyaga. Kano ya nyuma ya kisigino imevimba, na shavu la mguu limekaza kama ubao.

Sasa, kosa lilikuwa la raba? Mbona alipozivua akaumia pengine? Tuliangalie kwanza goti lenyewe.

GOTI LINAFANYAJE KAZI

Wewe unayesoma, kaa chini. Nyoosha mguu mmoja mbele na uulegeze. Shika ule mfupa mdogo wa mviringo ulio mbele ya goti. Unasogea kidogo kushoto na kulia, siyo? Hiyo ndiyo pia ya goti. Wengine huiita kilegesambwa. Mfupa wa paja una mfereji kwa mbele, na pia huteleza ndani ya mfereji huo kila unapokunja na kunyoosha mguu.

Mahali mifupa inapokutana pamefunikwa na gegedu. Gegedu ni kile kitu cheupe, kigumu kidogo na chenye kuteleza, unachokiona ukivunja kiungo cha kuku. Kati yake kuna ute mchache. Ute huo ndio watu wanaouita mafuta. Lakini ute huu hauko kama mafuta ya taa kwenye kibatari, kwamba ukiwasha yanapungua. Mwili wenyewe unautengeneza siku zote, na goti likitembezwa ute unaenea vizuri.

Mbele ya paja kuna misuli mikubwa. Misuli hii imeishika pia ya goti kwa kano, yaani kamba ngumu ya nyama. Unapokanyaga chini huku goti limekunjika, misuli inakaza ili usianguke. Ikikaza inaibana pia kwenye mfereji wake. Ukitembea kwenye tambarare, nguvu inayobana pale ni karibu sawa na uzito wako. Ukikimbia inafika mara 5 hivi. Tufanye hesabu. Mtu ana kilo 60. Zidisha kwa 5, unapata kilo 300. Hayo ni magunia matatu ya mahindi, juu ya kifupa unachoweza kukifunika kwa kiganja. Na ni kila hatua.

Je, hatua ni ngapi? Mkimbiaji wa kawaida anayetumia dakika 6 kwa kilomita moja hupiga hatua kama 160 kwa dakika. 160 mara 6 ni 960. Nusu yake ni za mguu wa kulia, yaani 480. Kijana wetu alipokuwa anakimbia kilomita 12 kwa wiki, goti lake la kulia lilikanyagiwa mara 5,760. Alipoingia kilomita 36 likakanyagiwa mara 17,280. Toa. Ni nyongeza ya hatua 11,520 kila wiki, na nyingi ni za kushuka mlima, ambako goti linabeba zaidi kuliko kwenye tambarare.

Msishtuke na magunia hayo. Goti si bawaba ya mlango, inayolika kwa sababu inatumika. Goti ni kitu hai. Angalia kiganja cha mkulima. Jembe halikukimaliza, limekikomaza. Lakini mchukue karani wa mjini, mpe jembe, mwambie alime nusu ekari kwa siku moja. Jioni viganja vyake vina malengelenge matupu. Jembe ni lile lile. Tofauti ni mazoea.

HIVI MBIO ZINAMALIZA MAGOTI?

Hofu hii ipo kila mahali, si kwetu tu. Mwaka 2017 wataalamu walikusanya pamoja taarifa za tafiti nyingi kuhusu ugonjwa wa viungo kulika, kwenye magoti na nyonga. Kwa watu wanaokimbia kwa ajili ya afya, katika kila 100 walikuwa na ugonjwa huo kama 4 hivi. Kwa watu wasiokimbia kabisa walikuwa 10. Kwa wale wa mashindano makubwa, wanaokimbia miaka mingi kwa kasi sana, walikuwa 13.

Hesabu hizi hazisemi kwamba mbio ni dawa ya magoti. Inawezekana pia mwenye goti bovu haanzi kukimbia, kwa hiyo hahesabiwi upande ule. Lakini ikiwa mbio za kawaida zinamaliza mafuta, ile 4 isingekuwa ndogo kuliko 10. Kwa hiyo mama mdogo tunamheshimu, ila kwa hili hakupata.

HATUA NDEFU NI BREKI

Sasa tuje kwenye namna ya kukimbia. Mwangalie mtu anayepiga hatua ndefu sana. Mguu wake unatangulia mbali mbele ya mwili, goti karibu limenyooka, kisigino kinajichimbia chini. Kila akikanyaga anajizuia mwenyewe. Ni kama mtu anayeendesha baiskeli huku anafinya breki. Nguvu ya breki hiyo inaliwa na goti.

Mwenye hatua fupi na za harakaharaka anakanyaga karibu chini ya mwili wake. Goti limekunjika kidogo, kishindo ni kidogo. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, waliwapima wakimbiaji 45. Waliwaambia wakimbie kwa kasi ile ile, lakini wapunguze urefu wa hatua na waongeze idadi yake. Hatua zilipoongezeka kwa 5 tu katika kila 100, mzigo wa goti ulipungua.

Jambo hili mnaweza kulijaribu wenyewe, hata mkiwa kikundi cha kisomo. Tafuteni mwenye saa. Mkimbiaji akimbie mwendo wake wa kawaida, ahesabu mguu wa kulia tu ukikanyaga kwa dakika moja. Tuseme amepata 80. Zidisha kwa 2, ni hatua 160. Sasa tafuteni 5 katika kila 100 ya 160. Ni 8. Kwa hiyo ajaribu hatua 168, yaani mguu wa kulia mara 84. Kasi isiongezwe. Kasi ikiongezwa hapo hakuna kilichofanyika. Mwanzoni atajisikia kama anakimbia kama kuku. Aanze kwa dakika moja moja katikati ya mbio, apumzishe, arudie tena. Wimbo wenye mdundo wa haraka kidogo unasaidia sana, aimbe moyoni.

Kifua nacho kiegemee mbele kidogo, kuanzia kwenye vifundo vya miguu. Asipinde kiuno kama anayetafuta sindano. Mkimbiaji aliyesimama wima kama nguzo, au anayeegemea nyuma anaposhuka mlima, anazidisha kazi ya misuli ya paja, na misuli hiyo ndiyo inayobana pia ya goti.

Je, akanyagie kisigino au akanyagie mbele ya wayo? Hapa kumekuwa na mabishano makubwa. Mwaka 2010 Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walitoa taarifa ya utafiti wao. Walikuwa wamewapima wakimbiaji wa Marekani na wa Bonde la Ufa kule Kenya. Waliona kwamba waliozoea kukimbia pekupeku mara nyingi walitanguliza mbele ya wayo, na mguu ulitua bila kishindo kikali. Waliozoea raba nene wengi walitanguliza kisigino. Habari zikaenea, watu wakasema basi, tumejua siri.

Lakini mwaka 2013 ikatoka taarifa nyingine, ya Wadaasanach, wafugaji wa karibu na Ziwa Turkana. Nao wanakwenda pekupeku maisha yao yote. Walipopimwa wakikimbia mwendo wao wa kawaida, wengi walitanguliza kisigino! Kwa hiyo siri haikuwa moja.

Tunachojua ni hiki. Ukitanguliza mbele ya wayo unapunguza kazi ya goti. Lakini kazi hiyo haipotei hewani. Inahamia kwenye shavu la mguu na kano ya nyuma ya kisigino. Ni kama watu wawili waliobeba gogo. Mmoja akiinama, mzigo unamwendea mwenzake. Mmeona sasa kijana wetu alivyofanya alipozivua raba? Gogo alilitoa begani kwa goti akalitupia kano. Na gogo lilikuwa lile lile la kilomita 36.

RABA AU PEKUPEKU?

Mwaka 1960 Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki mjini Roma. Alikimbia pekupeku kilomita zote 42, usiku, juu ya lami na mawe. Dunia ilishangaa. Lakini watu husahau sehemu ya pili. Mwaka 1964 Bikila huyo huyo alishinda tena Olimpiki, kule Tokyo. Safari hii alivaa viatu, na muda wake ulikuwa mzuri zaidi.

Kuanzia miaka ya 1970 makampuni ya viatu huko nje yalianza kutengeneza raba za kukimbilia zenye kisigino kinene cha sponji. Wakasema sponji itapokea kishindo badala ya goti. Baadaye wakaongeza: mwenye wayo bapa avae raba ya aina hii, mwenye wayo uliopinda sana avae ya aina ile. Ikasikika kama jambo la akili. Jeshi la Marekani likalijaribu kwa maelfu ya askari wapya. Nusu walipewa raba kulingana na umbo la wayo. Nusu nyingine walipewa raba ya aina moja wote, bila kuangaliwa wayo. Matokeo yalitolewa mwaka 2009 na 2010. Walioumia katika kundi moja hawakupishana na walioumia katika kundi lingine kwa kiasi cha maana.

Baada ya hapo upepo ukageuka. Watu wa Marekani wakaanza kusifu viatu vyembamba vyenye vidole vitano, kama soksi ya mkono. Mwaka 2013 watafiti wa jimbo la Utah waliwachukua wakimbiaji 19 waliozoea raba nene, wakawaanzisha polepole kwenye viatu hivyo vyembamba kwa wiki 10. Kisha wakapiga picha za ndani ya nyayo zao. Watu 10 kati ya hao 19 walionekana mifupa ya mguu imeanza kuumia. Kampuni ya Vibram, iliyotengeneza viatu vya vidole, ilishtakiwa na wanunuzi kwamba imewaahidi mambo ambayo haina ushahidi nayo. Mwaka 2014 ilikubali kutenga dola milioni 3.75 ili kesi iishe, bila kukiri kosa.

Sisi hapo tunaona jambo moja. Mwenye kuuza kiatu kinene ana maneno matamu, na mwenye kuuza chembamba naye anayo. Goti halisikilizi maneno. Linahesabu hatua.

Hatusemi kiatu si kitu. Kiatu kinalinda wayo na miiba, vigae na joto la lami. Kiatu chenye kisigino kirefu kinaelekea kuongeza kazi ya goti, na soli nyembamba inaelekea kuongeza kazi ya shavu la mguu na mifupa ya wayo. Kwa hiyo mwenye goti bovu asikimbilie kununua raba nene zaidi akidhani ni mto wa kulalia.

Kama unanunua mtumba, usiangalie rangi na jina la kampuni. Geuza raba juu chini, angalia soli. Ikiwa imelika upande mmoja tu, mwenye nayo wa kwanza ameshaipindisha, na wewe utakanyaga kwa mshazari wake. Iweke juu ya meza, angalia kwa nyuma kama inasimama wima. Bonyeza sponji kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu kama tofali, imekufa. Vaa zote mbili, ukimbie hatua chache palepale gulioni, muuzaji akununie akitaka. Kidole gumba kisiguse mbele. Kiatu bora ni kile ambacho mguu unakiona chepesi na hakikubani. Ukisharidhika, usikitumie kila siku mara moja. Wiki ya kwanza vaa siku moja tu, siku nyingine endelea na ulichozoea. Ongeza kidogo kidogo. Anayetoka kwenye raba kwenda pekupeku afuate njia hiyo hiyo, tena kwa uangalifu zaidi.

HARAKA NDIYO ILIYOMWANGUSHA

Tumechelewa kulisema, lakini ndilo kubwa kuliko yote. Mwaka 2018 ilitoka taarifa ya utafiti uliofanyika Quebec, Kanada. Wakimbiaji 69 wenye maumivu ya mbele ya goti waligawanywa vikundi vitatu. Kikundi cha kwanza walifundishwa tu namna ya kupima mzigo wa mbio zao. Kikundi cha pili walifundishwa hivyo hivyo, wakaongezewa mazoezi ya kutia misuli nguvu. Kikundi cha tatu nao walifundishwa hivyo, wakaongezewa kubadili namna ya kukimbia. Baada ya wiki 8 vikundi vyote vilikuwa vimepata nafuu, na hakuna kilichokishinda kingine. Hata wale waliofundishwa kupima mzigo peke yake walipona sawa na wenzao.

Walifundishwa nini? Mambo ya kawaida kabisa. Kama goti linauma, punguza urefu wa kila mbio, ila usiache kabisa. Afadhali kilomita 2 mara 4 kuliko kilomita 8 mara moja. Acha mteremko kwa muda. Acha kasi kwa muda. Pima maumivu kwa alama, kuanzia 0 mpaka 10. Sifuri maana yake huna maumivu. Kumi ni yale ya kukuliza. Ukikimbia na maumivu hayazidi 2, na yakatulia ndani ya saa moja baada ya kumaliza, endelea. Yakizidi hapo, kesho punguza. Wiki ikipita salama, ongeza kidogo.

Wengi wetu tunafanya kinyume. Goti likiuma tunalala mwezi mzima, mwili unasahau mazoea. Likinyamaza tunaruka na kilomita zile zile za zamani. Linauma tena, tunasema ugonjwa umerudi. Haukurudi. Tumeufuata.

Kuna wanaomeza vidonge vya maumivu kabla ya mbio, diclofenac au ibuprofen, vya kununua dukani. Hiyo ni hatari. Kwanza unaficha kengele. Pili, dawa hizo pamoja na jasho jingi na kukosa maji zinaweza kudhuru figo.

Mazoezi ya nguvu tunayapendekeza hata hivyo, kwa sababu paja na nyonga zenye nguvu zinalisaidia goti. Panda kigoda kifupi kwa mguu mmoja, shuka polepole, goti lielekee vidole, lisiingie ndani. Rudia mara 10 kila mguu. Kisha lala ubavu, inua mguu wa juu ukiwa umenyooka, mara 10. Fanya siku 3 kwa wiki. Kina mama wanaobeba maji mlimani wanaweza kudhani hawahitaji, na pengine ni kweli!

LINI UENDE ZAHANATI

Yapo magoti ambayo si ya kuhesabia hatua. Goti likivimba, au likiwa la moto na una homa, nenda zahanati siku hiyo hiyo. Likikwama halikunjuki, au likiachia ghafla ukataka kuanguka, nenda. Likiuma usiku ukiwa umelala, nenda. Ukianguka na ukashindwa kukanyaga, upelekwe.

Kwa watoto kuna mambo mawili. Mtoto wa miaka 10 hadi 15 anayekimbia sana anaweza kupata kinundu chenye maumivu chini ya pia ya goti, pale kano inaposhika mfupa wa ugoko. Hutokea kwa sababu mifupa inakua. Mpunguzie mbio na kuruka, mara nyingi huisha akimaliza kukua. Lakini mtoto akichechemea na kusema goti linauma, na goti lenyewe halina kitu, mwombe mganga aangalie nyonga. Ugonjwa wa nyonga kwa watoto mara nyingine hujionyesha gotini, na ukicheleweshwa unaweza kumlemaza.

Kijana wetu alikwenda zahanati kwa ajili ya ile kano. Mganga hakumpa sindano. Alimuuliza: "Mwezi uliopita ulikuwa unakimbia kilomita ngapi?" Kijana alipojibu, mganga akacheka kidogo, akachukua karatasi.

Moshi hakwenda. Kiingilio kilipotea, nauli alibaki nayo, akanunua mbuzi mmoja jike. Alianza upya kwa kilomita 1, siku 3 kwa wiki. Sasa ni mwezi wa tano. Anakimbia kilomita 20 kwa wiki, siku mbili kwa raba na siku mbili kwa makatambuga, na anaandika kila siku kwenye daftari lake la zamani la kisomo: kilomita ngapi, goti alama ngapi. Tulipompitia juzi ukurasa ulikuwa na sifuri nyingi na moja moja. Kwenye mteremko wa kwenda mtoni bado anashuka kwa kutembea.